Harufu ya Petroli Stoo Si ya Kuzoea

Mkokotoni, kaskazini mwa Unguja, mashine ya boti hailali baharini. Jioni, boti zikisharudi kutoka uvuvini au zikimaliza safari za kupeleka abiria Jongowe na Gomani kule Tumbatu, mashine nyingi hufunguliwa na kubebwa begani hadi nyumbani, kwa kuogopa wezi. Zikifika hutundikwa kwenye gogo ndani ya stoo, tangi likasogezwa pembeni, mlango ukatiwa kufuli. Humo humo kuna jenereta, pampu ya kumwagilia shamba, pikipiki ya kijana wa nyumba, madumu ya petroli ya alfajiri, na kwa wenye biashara ya samaki kuna friza. Na kuna harufu ya petroli ambayo watu wa nyumba wameshaizoea, hata hawaisikii tena.

Harufu hiyo ndiyo ninayotaka tuizungumze. Petroli iliyofungwa sawasawa hainuki. Ukifungua mlango asubuhi na harufu ikakutangulia, basi kuna mahali inapotokea, na kupatafuta mahali hapo ni kazi ya kufanywa siku hiyo hiyo, kabla mashine haijapelekwa pwani.

Utasikia watu wakisema kwamba petroli ikivuja kidogo hukauka yenyewe. Ni kweli hukauka, lakini haiondoki. Inageuka mvuke, na mvuke ndio unaoshika moto, maana petroli yenyewe katika hali ya maji haiwaki mpaka itoe mvuke. Nayo hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse chini ya bati la Unguja mchana wa Februari. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Haupandi ukatokea kwenye matundu ya ukuta. Unashuka, unatambaa sakafuni na kujikusanya pembeni na chini ya vitu. Stoo zetu nyingi zina matundu ya hewa juu, karibu na paa, kwa ajili ya joto. Kwa joto yanafaa. Kwa petroli hayasaidii.

Kinachohitajika kuleta balaa ni kidogo kuliko wengi wanavyofikiri. Hewa yenye mvuke wa petroli kuanzia asilimia 1.4 hivi huweza kuwaka ikipata cheche. Lita moja ya petroli ikikauka yote hutoa mvuke wa takriban lita 200. Chukua stoo ya mita tatu kwa tatu: mvuke ukitulia kwenye sentimita 30 za chini, petroli isiyojaa glasi moja inatosha kuifanya hewa ya chini ya magoti iwe tayari kuwaka. Na chini ya magoti ndipo ilipo mota ya friza, ambayo kila inapojiwasha swichi yake huweza kutoa cheche. Ndipo mtu anapoweka chaja ya betri. Na nje ya mlango, kwa kiasi hicho hicho cha kimo, ndipo lilipo jiko la mkaa.

Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Pale palikuwa nje, penye upepo. Stoo haina upepo, na ndiyo maana tone linalodondoka stoo ni la hatari kuliko tone hilo hilo likidondoka ndani ya boti katikati ya mkondo wa Tumbatu.

Lipo jambo jingine ambalo wenye mashine hawalitilii maanani: kukaa ndiko kunakoharibu. Mashine inayofanya kazi kila siku hupitisha petroli mpya, mipira yake inabaki laini, sindano ya kabureta inacheza. Ikikaa miezi miwili, mambo hubadilika. Sehemu nyepesi za petroli hukauka na kinachobaki huganda kuwa utomvu wa rangi ya kahawia wenye harufu kama ya vanishi. Utomvu huo huikamata sindano ya kabureta, na siku ukifungua koki petroli haizuiliki, inamwagika. Mipira nayo, petroli ikiondoka ndani yake, hukauka, hunywea na kupasuka, hasa pale klipu inapouma. Tangi la bati huingiza unyevu kila usiku, maji hukaa chini ya petroli, na kutu huanza kula kutoka ndani, kwenye mshono wa chini ambako huoni kitu.

Kisiwa hiki kimejaa majenereta yaliyopitia hali hiyo. Umeme wa Unguja unaokuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka bara hadi Fumba ulikatika kwa takriban mwezi mzima Mei na Juni 2008, kisha tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Aliyekuwa na uwezo alinunua jenereta. Waya mpya wa megawati 100 ulipowekwa mwaka 2013, majenereta yakaanza kukaa, mengi yakiwa na petroli ndani. Hutolewa siku ya harusi au siku umeme unapokatika Ramadhani, yakawashwa usiku kwa haraka, katika giza, na mtu mwenye kibatari mkononi. Kama kuna saa mbaya ya kugundua kwamba koki inavuja, ni hiyo.

Hata bila ya moto, hasara ipo. Tone moja kila sekunde, tukikadiria matone 40 kwa mililita moja, ni zaidi ya lita mbili kwa siku. Tone moja kwa dakika, ambalo hakuna anayelishughulikia, ni zaidi ya lita moja kwa mwezi. ZURA, mamlaka inayosimamia nishati Zanzibar, inapotangaza bei mpya za mafuta kila mwezi watu wote hukunja uso, lakini lita inayopotelea sakafuni haina anayeihesabu. Na haipotei bure. Unguja tunakunywa maji ya chini ya ardhi, na jiwe letu la matumbawe lina vitobo. Kinachomwagika juu hakichelewi kufika kwenye kisima. Petroli ina benzini, kemikali inayojulikana kusababisha saratani ya damu. Stoo isiyo na sakafu ya saruji inayovujiwa kila usiku iko juu ya maji ya mtu fulani.

Sasa tutafute uvujaji. Hatua ya kwanza ni kufungua mlango na kusubiri. Usiguse swichi ya taa, kuwasha wala kuzima, kwani cheche hutoka katika hali zote mbili. Kama friza imo ndani na swichi kubwa ya nyumba iko nje ya stoo, kata umeme huko. Ondosha jiko, ondosha watoto, acha simu nje. Tochi iwashwe ukiwa bado nje, usiizime mpaka utoke. Acha upepo upite nusu saa au zaidi, mpaka harufu itulie. Usiingie na kiberiti, wala sigara, wala kibatari hata cha mbali. Kisha toa mashine moja moja, ziweke kivulini penye hewa, na kila moja ichunguzwe peke yake. Zikiwa pamoja stoo huwezi kujua ipi inayonuka.

Kama huna hakika mashine ipi inayovuja, tumia boksi. Kata karatasi ngumu ya boksi safi, weka kipande chini ya kila mashine na kila tangi, andika kwa kalamu mahali koki ilipo na mahali kabureta ilipo, uache mpaka asubuhi. Petroli tupu hukauka na kuacha alama hafifu ya duara. Petroli iliyochanganywa na oili, ile ya mashine za boti za tustroku, huacha doa la oili, kwa hiyo hujifichua yenyewe. Dizeli hubaki mbichi. Boksi moja usiku mmoja litakuambia zaidi ya kubishana na fundi.

Lakini pale tone lilipodondokea sipo linapotoka. Petroli hutambaa juu ya mpira, chini ya kifuniko, kwenye bolti, mpaka ipate mahali pa kuning'inia. Kwa hiyo pangusa mashine nzima ikauke, kisha chukua chaki ya ubaoni, isage iwe unga, upake kila kiungo kuanzia juu: kifuniko cha tangi, koki, kila ncha ya mpira, filta, kabureta. Fungua koki, ngoja, uangalie wapi unga unaanza kubadilika rangi. Anza juu ushuke chini. Anayeanzia chini atabadilisha kabureta nzima kumbe kasoro ilikuwa ni klipu ya koki.

Mashine ya boti ina njia yake. Lile tangi jekundu la plastiki la lita 24 linalokuja na Yamaha lina sehemu nne za kutazama: mfuniko wenye kiparafujo cha hewa, kiungo cha kutolea mafuta chenye oringi ndani yake, mpira wenyewe, na kile kipira cha kukamua kilicho katikati. Unganisha mpira kwenye mashine, mshale wa kipira uelekee kwenye mashine, kikamue mpaka kiwe kigumu, kisha ukiache. Kikibaki kigumu kwa dakika kadhaa, njia yote ni nzima. Kikilegea upesi, tazama. Kama mdomo wa kabureta umelowa, sindano haizibi. Kama ni mpira au kipira chenyewe kinachotoa jasho, kikunje kidogo, utaona nyufa ndogo ndogo. Na kama hakuna mahali palipolowa popote, huenda ni vali ya kipira inayorudisha mafuta kwenye tangi; huo si uvujaji wa hatari, ila mashine itakusumbua kuwaka.

Mpira ulio na shaka upime hivi: uvue, umimine mafuta yote nje, ziba ncha moja, ncha nyingine unganisha na pampu ya baiskeli, uzamishe kwenye ndoo ya maji na usukume hewa taratibu. Povu likitokea, mpira huo umekwisha kazi. Usipulize kwa mdomo.

Kuna uvujaji wa stoo ambao mafundi wengi hawaupati kwa sababu mashine haina ubovu wowote. Mtu anarudi jioni, anaweka tangi lililojaa, mpira umeachwa umeunganishwa, hewa imefungwa. Mchana unaofuata bati linapata moto. Petroli ikipanda joto hutanuka; tangi la lita 24 lililojaa, likipanda nyuzi 20, hutaka nafasi ya karibu nusu lita zaidi, na mvuke nao unasukuma. Njia pekee iliyo wazi ni ule mpira, na mafuta hufuata humo mpaka kwenye kabureta na kumwagika. Dawa yake haina gharama: chomoa mpira kwenye mashine kila unapoiweka, wala tangi lisijazwe hadi mdomoni. Kiparafujo cha hewa kifungwe ukiwa unabeba na ukiwa umeweka. Kifunguliwe baharini tu.

Jenereta na pampu ya shamba, kama zile zinazokwenda bonde la mpunga la Kibokwa, zina tangi juu na kabureta chini, kwa hiyo mafuta hushuka yenyewe saa zote koki ikiwa wazi. Sindano ikikamatwa na utomvu, petroli hutoka kwa njia mbili. Moja unaiona: inadondoka kwenye kipaipu kidogo chini ya kabureta au inalowesha chujio la hewa. Ya pili huioni: inaingia kwenye silinda, inapita pembeni ya ringi na kushuka kwenye oili. Kwa hiyo kila jenereta iliyokaa, kabla ya kuvuta kamba, toa kijiti cha oili. Oili ikiwa imepanda juu ya alama na inanuka petroli, usiiwashe. Oili hiyo imekuwa nyepesi, haiwezi kulinda chuma, na mvuke ulio ndani ya injini unaweza kulipuka. Mwaga oili yote, tengeneza kabureta, tia oili mpya. Nimeona watu wakifurahi kwamba jenereta yao haipunguzi oili bali inaongeza. Hiyo ni dalili ya kuharibika, wala si baraka.

Pikipiki na Vespa, ambazo Unguja hatuzikosi, huvuja zaidi kwenye koki: washa ya mpira iliyo ndani hukauka mashine ikikaa. Tangi la pikipiki linyanyue pia, ulitazame chini, pale linapokalia vipande vya mpira, maana maji ya mvua na chumvi hukwama hapo na kutoboa. Pawatila na mashine nyingine za dizeli zina nafuu ya moto, kwa sababu dizeli haitoi mvuke wa kuwaka kwa joto letu la kawaida. Lakini dizeli inayovuja kwenye kiungo huingiza hewa, na asubuhi mashine haishiki. Kaza kiungo, badilisha washa ya shaba, toa hewa, umemaliza.

Katika kurekebisha, kosa kubwa la pwani yetu ni kutumia kilichopo karibu. Mpira wa maji wa plastiki, ule mweupe unaopitisha mwanga, utaukuta kwenye nusu ya mashine. Kwa siku chache hufanya kazi. Kisha petroli inaufanya mgumu na kavu, ncha zinapasuka, na mtu anakaza waya juu yake, na waya unaukata. Nunua mpira wa petroli hasa, ulioandikwa kuwa ni wa mafuta. Maduka ya vipuri mjini, kuanzia Darajani hadi Mwanakwerekwe, huuza kwa mita. Upime kipenyo cha ndani kwa kuchukua kipande cha zamani. Kata ncha kwa kisu kikali iwe sawa, usivute mpira mpaka ukawa mwembamba, na tumia klipu za kukazwa kwa bisibisi. Ukiona mpira mmoja umepasuka, badilisha yote ya mashine ile, kwa sababu yote ina umri mmoja. Kipande cha tyubu ya baiskeli hakifai kuzungushiwa kiungo cha mafuta. Petroli hukivimbisha na kukilegeza. Gundi ya silikoni nayo huharibika ikikutana na petroli, hata kama imeandikwa kwamba haipitishi maji.

Oringi ni kitu cha bei ndogo kinachozuia hasara kubwa, na kuna sababu ya kuwa na chache za akiba. Kiungo cha tangi la boti kikivuja, mara nyingi ni oringi iliyobanwa na chembe ya mchanga. Ifungue, ioshe, itazame kwenye mwanga. Ikiwa imekuwa bapa au ina mkato, ibadilishe.

Kabureta inayofurika usiigonge kwa mpini wa bisibisi ukaridhika. Kugonga huiachia sindano kwa muda tu, na usiku ikiwa peke yake stoo itakwama tena. Funga koki, mwaga mafuta ya bakuli kwenye kopo, fungua bakuli, toa boya na sindano. Ncha ya sindano iwe laini bila ya mfereji uliozunguka. Ikiwa na mfereji, nunua nyingine. Kiti chake kisafishe kwa kitambaa na dawa ya kusafishia kabureta, si kwa waya wala msasa, maana mkwaruzo mmoja utakuletea uvujaji wa kudumu. Tikisa boya karibu na sikio: ukisikia maji ndani, limetoboka na litazama, badilisha. Ukisharudisha, pindua kabureta juu chini ili boya likalie sindano, sukuma hewa kidogo kwa pampu kwenye mlango wa mafuta, hewa isipite. Ikipita, hujamaliza.

Tangi lililotoboka ni habari nyingine, na hapa ndipo ninapowasihi zaidi. Usilipeleke tangi la petroli kwa fundi wa kuchomelea eti kwa kuwa ni tupu. Tangi tupu ni la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu ndani yake mna mvuke na hewa, na mvuke huo unabaki hata baada ya kuosha mara moja kwa sabuni. Moto wa kuchomelea ukigusa, bati linakuwa bomu usoni mwa fundi. Gundi ya chuma ya kuchanganya mbili huweza kuziba kitobo kidogo kwenye tangi la bati, baada ya kumwaga, kukausha siku nzima na kusugua mpaka chuma king'are. Kwenye tangi la plastiki haishiki. La plastiki likipasuka, nunua jingine. Sabuni ya kipande, ambayo wavuvi huipaka kwenye ufa wakiwa baharini, inafanya kazi kweli, kwani petroli haiyeyushi sabuni haraka; inakufikisha pwani. Isikufikishe stoo.

Na wakati wa kumwaga mafuta, acheni kunyonya mpira kwa mdomo. Ni jambo la kila siku bandarini na vijana hujivunia. Petroli kidogo ikiteleza kwenda mapafuni huunguza mapafu kutoka ndani, na mtu anaweza kufa siku zinazofuata hata kama aliinuka akicheka. Tumia pampu ya mkono ya kuhamishia mafuta, au kile kile kipira cha kukamua. Ikitokea mtu amemeza, usimtapishe, usimpe maziwa kumtapisha. Akitapika ndipo petroli inapopata njia ya mapafuni. Mpelekeni hospitali ya Kivunge mara moja, hata kama anasema yuko salama.

Mashine itakayokaa zaidi ya mwezi, kama wakati wa kusi kali ambapo boti ndogo hazitoki, ipumzishwe kwa utaratibu. Ya boti izamishe sehemu yake ya chini kwenye pipa la maji matamu, iwashe, chomoa mpira wa mafuta na iache izunguke mpaka ikate yenyewe. Hapo chumvi imetoka na kabureta imekauka. Jenereta iwashe, funga koki, iache imalize kilichomo kwenye kabureta, fungua skrubu ya chini ya bakuli utoe mabaki, kisha mwaga tangi. Petroli uliyotoa itumie kwenye pikipiki wiki hiyo hiyo. Usiihifadhi kwa mwaka ujao, kwa kuwa katika joto letu miezi michache tu inatosha kuiharibu.

Stoo yenyewe ipange upya. Toboa matundu mawili chini ya ukuta, karibu kabisa na sakafu, katika kuta zinazokabiliana, uyawekee wavu wa panya. Friza itoke humo. Kama hakuna pa kuipeleka, basi petroli ndiyo itoke. Madumu ya petroli yawe ya kuhifadhia mafuta, siyo dumu la mafuta ya kupikia lenye mfuniko uliopasuka, na yakae kwenye kibanda chenye kivuli kilicho mbali na chumba cha kulala. Sifahamu kwa nini mtu ataweka lita 60 za petroli ukuta mmoja na kitanda cha mtoto, lakini nyumba kama hizo zipo. Weka ndoo mbili za mchanga mkavu mlangoni, na ukiweza mtungi wa unga wa kuzimia moto. Maji hayazimi petroli. Petroli huelea juu yake na moto ukasafiri nayo. Iliyomwagika ifunike kwa mchanga au unga wa mbao, uupeleke nje penye uwazi ukauke, wala usiisukumie mferejini wala baharini. Matambara yaliyolowa yaanikwe nje, yasirundikwe pembeni.

Ombi langu la mwisho ni kwa kamati za wavuvi za shehia, Mkokotoni na Tumbatu. Roli moja la mpira wa petroli, boksi la klipu, paketi ya oringi, pampu moja ya kuhamishia mafuta na mitungi miwili ya unga, vikinunuliwa kwa mchango na kuwekwa pale dikoni, kila mwenye mashine atapata kipuri sahihi siku anapokihitaji, bila ya kwenda mjini na bila ya kukimbilia waya. Gharama yake ikigawanywa kwa boti zote haifiki bei ya plagi chache kwa kila mtu. Lileteni suala hili katika kikao chenu kijacho.